Gari la Nyumbani Likivuja Oili: Tununue Spea Gani?



Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Wiki hii twazungumzia jambo ambalo wasomaji kadhaa wametuuliza walipokutana nasi baada ya swala ya Ijumaa. Gari la nyumbani lavuja oili, fundi asema spea ibadilishwe, na mwenye duka aweka mezani pakiti mbili: moja ya kampuni iliyounda gari, nyingine ya kampuni ambayo mnunuzi hajapata kuisikia, kwa nusu ya bei au chini ya hapo. Je, achukue ipi?

Swali hili twalijibu kwa unyenyekevu, kwa kuwa sisi wenyewe tulikosea mara mbili kabla ya kulielewa. Basi na tuanze na makosa yetu.

Gari letu ni Toyota Probox, ambalo kwa mtu wa pwani halina haja ya kuelezwa. Injini yake ni 1NZ-FE ya lita 1.5, nayo huchukua oili lita 3.7 pamoja na filta. Lilishuka Kilindini likiwa limekwisha kutumika Japani miaka kadhaa, kama yalivyo mengi ya magari yetu. Ndilo lipelekalo watoto madrasa, ndilo limpelekalo mama mzee kliniki, na siku za harusi hubebeshwa masufuria ya pilau. Asubuhi moja tuliona doa jeusi uani, ukubwa wake kama kisahani cha kikombe. Fundi aliinama, akamulika chini, akasema kwamba sili ya mbele ya krankishafti imekufa. Sili ni ile pete ya mpira izuiayo oili pale mhimili unaozunguka unapotokeza nje ya injini. Tulinunua sili mpya, ikafungwa, tukalipa. Baada ya wiki mbili doa likarudi mahali pale pale.

Fundi wa pili hakuinama. Alifungua boneti akaanza kutazama juu. Gasketi ya kifuniko cha tapeti, yaani ule ukanda wa mpira ulio baina ya kifuniko na kichwa cha injini, ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama plastiki kwa joto la miaka mingi. Oili ilitoka huko juu, ikateremka ubavuni mwa injini, ikakusanyika chini karibu na ile sili. Sili tuliyoitoa na kuitupa haikuwa na kosa lolote.

Tukaenda kununua gasketi. Dukani tuliambiwa kwamba ni jenuini. Pakiti ilikuwa na nembo, na bei ilikuwa chini sana kuliko tulivyotarajia. Badala ya kujiuliza kwa nini, tulihesabu kuwa ni bahati yetu. Haikutimia miezi mitatu. Tulikuwa twarudi kutoka Malindi, tumekaribia Mtwapa, mara harufu ya oili inayoungua ikaingia ndani, na moshi ukaanza kutoka pembeni mwa boneti. Mama mzee alikuwa kiti cha nyuma pamoja na wajukuu wawili. Tulisimama kando ya barabara, tukawashusha, tukafungua. Gasketi mpya ilikuwa imefura na kuchomoza mahali pake, na oili yadondokea bomba la moshi lililo moto. Mwenyezi Mungu alitusitiri; oili juu ya bomba la moshi ni moto unaongoja sababu.

Kutokana na hayo tulijifunza mambo ambayo twapenda kuwagawia.

La kwanza ni kwamba chanzo hutafutwa kabla ya spea kununuliwa. Oili huteremka, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma; hivyo mahali inapodondokea mara nyingi sipo inapotokea. Hakikisheni kwanza kuwa ni oili ya injini. Maji matupu chini ya gari lililotumia kiyoyozi, hasa katika unyevu wa pwani yetu, ni jambo la kawaida lisilo na dhara. Umajimaji mwekundu huenda ukawa wa giaboksi au wa usukani. Ulio kijani au waridi ni wa rejeta. Oili ya injini ni ya rangi ya kahawia au nyeusi, nayo huteleza baina ya vidole. Laza kipande cha boksi chini ya gari usiku, na asubuhi utajua kiasi na mahali. Kisha injini ioshwe kwa uangalifu, alteneta na nyaya zikingwe maji, ikauke, na sehemu zinazoshukiwa zinyunyiziwe poda nyeupe, hata ile ya mtoto yafaa. Injini ikiungurumishwa kwa muda wa robo saa hivi na kumulikwa kwa tochi kutoka juu kuelekea chini, oili itajiandikia njia yake yenyewe juu ya poda.

Mara nyingine chanzo ni kidogo mno. Nati ya sampu ilirudishwa bila kubadilishiwa washa. Filta mpya ilifungwa huku mpira wa filta kuukuu ukiwa umebaki umeganda kwenye injini. Oili ilijazwa kupita alama ya kijiti. Au vali ndogo iitwayo PCV, inayopitisha hewa ya ndani ya injini, imeziba kwa uchafu. Shinikizo likikosa pa kutokea huisukuma oili kupitia sili, hata zikiwa mpya. Mwenye kubadilisha sili zote na kuiacha vali hiyo imeziba atarudi gereji bila kukawia.

La pili ni kuyajua majina ya spea, maana sokoni yamechanganywa. Kuna spea ya kampuni iliyounda gari, ambayo ndiyo hasa iitwayo jenuini. Kuna spea ya kiwanda kingine kinachouza kwa jina lake chenyewe, kama vile NOK ya Japani, ambayo huuzia viwanda vya magari sili na pia huziuza katika pakiti zake. Hii ni bidhaa halali, na mara nyingine haina tofauti na ile ya jenuini ila nembo na bei. Kuna pia spea za viwanda vingine vya bei nafuu, ambavyo vingine ni vizuri na vingine ni dhaifu. Kuna spea iliyokwisha kutumika, iliyong'olewa katika gari la Japani. Huenda ikafaa kwa alteneta au mlango, lakini sili au gasketi kuukuu haifai kurudishwa kazini. Na kuna ghushi: kitu cha kiwanda kisichojulikana kilichovishwa nembo ya mwingine.

Tofauti kubwa ya sili na gasketi imo katika mpira wenyewe. Mpira wa kawaida wa naitrili huvumilia joto la nyuzi 100 hadi 120 hivi, kisha huanza kukauka na kupasuka. Mpira wa floro, uandikwao FKM, huhimili nyuzi 200, na bei yake ni kubwa zaidi. Mtu akizitazama kwa macho dukani hawezi kuzitenganisha. Ndiyo sababu jina la kiwanda, risiti na sifa ya duka vina thamani kuliko maneno matamu. Nendeni na namba ya chesisi pamoja na spea kuukuu mkononi, mlinganishe umbo na unene. Chapa iliyofifia, namba isiyolingana, na bei iliyo chini kuliko akili inavyokubali, zote ni dalili.

La tatu ndilo jibu la swali lenyewe. Pimeni bei ya spea dhidi ya kazi ya kuifikia, na dhara litakalotokea ikishindwa. Gasketi ya kifuniko cha tapeti katika injini ndogo kama yetu hufikiwa kwa saa moja hivi. Hapo spea ya kiwanda kingine chenye jina zuri yatosha, na kulipa mara mbili kwa ajili ya nembo tu kwaweza kuwa israfu. Lakini sili ya nyuma ya krankishafti imejificha baina ya injini na giaboksi. Kuifikia ni kushusha giaboksi nzima, kazi ya siku au zaidi. Sili yenyewe ni pete ndogo, na gharama kubwa ni ujira. Anayeokoa shilingi chache katika pete ile, kisha ikavuja tena, atalipa ujira wote upya. Hapo nunueni iliyo bora kabisa, ya kampuni iliyounda gari au ya kiwanda kinachojulikana kuiuzia. Na fundi akishusha giaboksi kwa shida nyingine, sili hiyo ibadilishwe papo hapo, maana mlango umekwisha kufunguliwa.

Hata spea bora hushindwa mikononi mwa mwenye haraka. Mahali pa gasketi pakwanguliwe bila kuchimbwa. Bolti za kifuniko zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, wala zisikazwe kwa nguvu za mwili, kwani gasketi ikibanwa kupita kiasi hupinda na kuvuja. Silikoni ipakwe pale tu kiwanda kilipoagiza. Iliyozidi hukatika vipande ndani ya injini, ikaenda kuziba chujio la oili katika sampu, na injini ikafa kwa kiu ilhali oili imejaa. Zile dawa za chupa zinazosemwa kuzuia uvujaji hufanya kazi kwa kulainisha na kufurisha mpira uliokauka. Zaweza kumfikisha mtu nyumbani, lakini si matengenezo. Na wakati mkingoja kulitengeneza, pimeni oili kwa kijiti mara kwa mara. Taa nyekundu ya oili huonyesha shinikizo kuanguka, na ikiwaka huenda dhara limekwisha kuingia. Ikiwaka, simamisheni gari na mzime injini papo hapo.

Wasomaji wetu watukufu, jambo hili lina upande ulio mzito kuliko chuma na mpira. Katika wiki zile za moshi, jamaa yetu mmoja alitushauri kwa nia ya kutusaidia. Alisema, "Osheni injini ing'are, muiuze kabla doa halijarudi." Hatutaficha kwamba tulilifikiria. Mfuko ulikuwa umechoka, na mnunuzi alikuwapo. Aliyetuzuia ni mama mzee, aliyeuliza swali moja tu: "Na huyo atakayenunua, naye hana watoto wa kupanda kiti cha nyuma?"

Sote twakijua kisa cha Mtume wetu (S.A.W.) alipopita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali alisema kwamba ni mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akaonya kwamba mwenye kughushi hana nafasi pamoja naye. Injini iliyooshwa kwa ajili ya kuficha uvujaji ni rundo lile lile. Pakiti yenye nembo ya wizi ni rundo lile lile. Na fundi anayehesabu bei ya jenuini huku amefunga ya bei rahisi ameweka mkavu juu na unyevu chini. Wanazuoni wetu wamefafanua hiyari ya aibu, kwamba mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwapo naye hakuambiwa ana haki ya kurudisha kitu. Sheria ya nchi nayo haikunyamaza, kwani Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi tangu 2008. Lakini kabla ya hakimu kuna nafsi ya mtu mwenyewe.

Twawaomba mafundi na wenye maduka walio ndugu zetu waseme jambo moja tu bila kuulizwa: "Hii ni ya kampuni iliyounda gari, na hii ni ya kiwanda kingine." Mteja akichagua rahisi kwa kujua, hakuna lawama. Nasi wateja tusimlazimishe fundi kwa bei ambayo haiwezi kununua kitu cha kweli, kisha tukalalamika kuwa tumehadaiwa. Tusisahau pia jirani: oili inayodondoka katika kichochoro au uwanja wa msikiti ni udhia, na kuondoa udhia njiani ni katika imani. Oili kuukuu isimwagwe mtaroni; mitaro yetu yaishia baharini, na bahari ndiyo riziki ya wengi wetu.

Sisi tulinunua gasketi ya kiwanda kingine cha Japani, katika duka linaloandika risiti, pamoja na vali mpya ya PCV. Fundi alitumia muda mrefu kusafisha kuliko kufunga. Huu ni mwaka wa pili, na kila tukitoka kwa swala ya alfajiri twatupa jicho uani. Pakavu, alhamdulillahi. Giaboksi iliposhushwa mwaka jana kwa shida nyingine, sili ya nyuma tuliinunua ya Toyota, na bei yake hatukuibishania.

Mwenyezi Mungu atujaalie rizki ya halali, atulinde safarini sisi na watoto wetu, na aweke baraka katika kazi za mafundi waaminifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.