Barua ya Voi: Mtoto Atakiwa Aweze Nini Katika Sayansi?

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wana watoto walio katika Gredi ya 7, ya 8 au ya 9, na kwa hiyo wamekwisha kuletewa nyumbani karatasi ya mwalimu inayotaka vitu vya ajabu: chupa tupu tatu, ndimu, majivu ya jikoni, maua mekundu, na sumaku ikipatikana. Mzee mmoja mkulima wa upande wa Mbololo alinijia afisini na karatasi ya namna hiyo mkononi, akaniuliza, "Bwana Karani, siku hizi shule imekuwa jaa? Mimi nilimpeleka mtoto akasome vitabu, naye ananidai majivu." Nikamjibu, "Mzee, majivu hayo ndiyo kitabu chenyewe." Hakuridhika hata kidogo, akaenda zake. Basi yafaa jambo hili lielezwe kirefu, maana si yeye peke yake anayeuliza.

Kenya ilianza kufuata Mtaala wa Umilisi katika madarasa ya chini mwaka 2019. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 waliingia sekondari ya msingi mwanzoni mwa 2023, na mwaka huo huo ndipo ulipofanywa mtihani wa mwisho wa darasa la nane wa mpango wa zamani. Wanafunzi wale wa kwanza walifanya mtihani wao wa Gredi ya 9 mwaka 2025. Katika madarasa hayo matatu elimu ya viumbe, kemia na fizikia, ambazo sisi tulizisoma mbalimbali, zimeunganishwa kuwa somo moja liitwalo Sayansi Jumuishi, lenye vipindi 5 kwa juma.

Mzazi akitaka kujua somo hili lakusudia nini, asihangaike na majina ya mada. Atazame vitenzi. Kila mada katika mtaala huanza kwa kutaja yale ambayo mwanafunzi atakiwa aweze kuyafanya atakapoimaliza: kutambua, kutenganisha, kupima, kulinganisha, kueleza sababu. Zamani ilitosha mtoto ataje njia za kutenganisha michanganyiko. Sasa hupewa chumvi iliyochanganyika na mchanga, akatakiwa arudishe chumvi mahali pake na mchanga mahali pake. Mwenye kukariri tu atakwama hapo. Mwenye akili ya jikoni atatia maji, atakoroga, atachuja kwa kitambaa, kisha atachemsha maji mpaka chumvi ibaki chini ya sufuria. Na yale majivu? Hutiwa maji yakachujwa, maji ya ndimu yakawekwa kando, kisha rangi iliyokamuliwa katika maua hutiwa katika vyote viwili. Rangi ikigeuka huku hivi na kule vile, mtoto ameona kwa macho yake tofauti ya asidi na besi, kwa gharama ya ndimu moja.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni maji. Katika Gredi ya 9 wanafunzi husoma habari ya maji magumu, yaani maji yasiyotoa povu upesi kwa sababu yamebeba madini kama kalsiamu na magnesiamu. Mji wetu hupata maji ya bomba la chemchemi za Mzima, ambazo maji yake ni mvua ya vilima vya Chyulu iliyopenya katika mawe ya volkeno. Wengine wana visima, na wengine hukinga mvua kwenye mabati. Je, ni maji yapi yanayomaliza sabuni? Kila mama ana jibu lake, wala majibu hayapatani. Mtoto achukue chupa tatu za ukubwa mmoja, atie katika kila moja maji ya namna yake kwa kipimo kile kile, aongeze sabuni iliyoyeyushwa kwa matone yale yale, atikise kila chupa mara 20, kisha apime kimo cha povu kwa rula. Itumike sabuni ya kipande, si ya unga, kwa kuwa sabuni nyingi za unga hutoa povu hata katika maji magumu na zitamdanganya. Baadaye achemshe yale yaliyokataa povu, yakipoa ayajaribu tena. Yakikubali, ugumu wake ulikuwa wa kitambo, nao umebaki kama ukoko mweupe ndani ya birika.

Mzazi atasema, mambo gani haya ya kuchezea sabuni? Lakini tazama mtoto amefanya nini. Amebadili kitu kimoja tu, maji, na vingine vyote akaviacha sawa. Amepima badala ya kukisia. Ameandika siku ile ile, jambo ambalo sisi makarani twalijua vizuri, maana hesabu iandikwayo juma la pili ni hadithi. Kwa maoni yangu, mtoto aliyeyashika mambo hayo matatu amepata zaidi ya nusu ya somo.

Ukidhani ni mambo ya watoto tu, tazama mashamba ya Sagalla ya chini. Hakuna mkulima wa huko asiyejua maana ya tembo kuingia katika mahindi usiku mmoja. Ilisemwa tangu zamani kwamba tembo huogopa nyuki, lakini maneno husemwa mengi. Mtafiti Lucy King na wenzake walilijaribu jambo hili kaskazini mwa Kenya, wakatangaza matokeo yao mwaka 2007. Walizisikilizisha familia za tembo sauti ya nyuki iliyonaswa katika chombo. Katika familia 17, 16 ziliondoka kabla ya sekunde 80. Lakini hawakuishia hapo, na hapa ndipo ningependa mwalimu asimame: familia nyingine zilisikilizishwa mvumo usio wa nyuki, na chini ya theluthi moja tu ndizo zilizoondoka katika muda huo. Kwa nini taabu hiyo ya pili? Kwa sababu pengine tembo hukimbia mvumo wowote. Bila jaribio la pili, la kwanza lisingethibitisha neno. Mtoto wa Gredi ya 7 akifundishwa habari ya uchunguzi wa kisayansi, hilo hasa ndilo analoelekezwa.

Tangu 2009 wakulima wa Sagalla wametundika mizinga kuzunguka mashamba, mmoja baada ya mwingine umbali wa mita 10 hivi, imeunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga hutikisika na wenyewe hutoka. Ua huo si dawa kamili: ukame mkali ukija nyuki huhama, mizinga ikabaki mitupu, nao tembo ni wajanja. Hilo nalo lifundishwe. Sayansi husema kitu chafaa kwa kadiri gani na kinashindwa lini.

Neno moja la haraka juu ya moto. Katika Gredi ya 8 wanafunzi husoma aina za moto na namna ya kuzima kila aina. Sisi tunaoishi kando ya barabara kuu ya Mombasa, ambako malori ya mafuta hupita mchana na usiku, hatuna haki ya kulipuuza somo hilo. Mwaka 2009 watu zaidi ya 100 walikufa Sachang'wan walipokwenda kuchota petroli ya lori lililopinduka. Mtoto ajue kwamba moto wa petroli hauzimwi kwa ndoo ya maji, na kwamba mvuke wake huwaka kabla hujaona chochote.

Shida zipo, wala sitazifunika. Ilipoamuliwa mwishoni mwa 2022 kwamba sekondari ya msingi iwe katika viwanja vya shule za msingi, shule nyingi zilipokea madarasa ya sayansi bila maabara. Mwalimu aliyesomea kemia na hisabati hujikuta anafundisha pia viungo vya mwili na sumaku. Vitu vya nyumbani vyaweza kuziba sehemu ya pengo hilo, si lote. Asidi kali haifai kushikwa katika chumba kisicho na maji ya kunawa, na mzazi anayeuliza shuleni juu ya jambo hilo asionekane mkorofi.

Wazazi nao wana lao. Nimesikia ya kwamba mafundi wa mjini hulipwa kutengeneza miradi ambayo mtoto huibeba shuleni kama kazi ya mikono yake. Huko ni kumwibia mtoto. Mradi uliopinda, alioufanya mwenyewe na anaoweza kueleza kwa nini umepinda, una faida kuliko huo wa fundi.

Jambo hili lina uzito kwa kuwa mwisho wa Gredi ya 9 kuna njia panda tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, elimu ya jamii, na sanaa na michezo. Mtihani wa Gredi ya 9 una asilimia 60, wa Gredi ya 6 asilimia 20, na kazi zinazopimwa shuleni asilimia 20. Hapa kwetu huchimbwa tsavorite, jiwe la kijani lililopewa jina la Tsavo, na hapa Voi kuna Chuo Kikuu cha Taita Taveta kinachofundisha uhandisi wa madini. Lakini vijana wetu wengi wanalijua jiwe kwa sururu tu, na bei huambiwa na mnunuzi.

Mzazi asiyesoma Kiingereza asijitenge. Jioni amwulize mtoto maswali mawili: "Leo umeona nini?" na "Umejuaje?" Akijibu, "Mwalimu amesema," amwulize la pili tena.

Juma lijalo, nikijaliwa, nitaeleza namna zile asilimia 60, 20 na 20 zinavyojumlishwa, kwa kuwa barua nyingi zimeuliza hilo.