Kijana, usingoje maabara: Chipu za mwanga zinachorwa kwenye wingu

Hebu nikuulize. Ukisikia mtu amebuni chipu ya kompyuta, unamwona wapi akilini mwako? Bila shaka ni mtu wa koti jeupe, ndani ya maabara ya mabilioni huko ng'ambo. Humwoni msee aliyekaa kitandani pale Umoja, laptopu ya mtumba magotini, akipiga hesabu kama tokeni za stima zitafika asubuhi.

Mimi pia sikuwa namwona. Siku hizi namwona, na ndiyo sababu ya makala haya. Kuna aina mpya ya chipu inayotumia mwanga kupiga hesabu, na sehemu kubwa ya kazi ya kuibuni imehamia kwenye kompyuta za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, zile tunazoita wingu. Mlango umefunguka. Swali ni kama tutaingia, au tutasimama nje tukiulizana nani ana kiingilio.

Tuanze na kwa nini mwanga. Cheza video kwa saa moja kisha shika simu yako nyuma: ni moto, si ndiyo? Umeme ukipita ndani ya chipu huacha joto. Sasa fikiria majumba yaliyojaa maelfu ya chipu zinazoendesha akili unde usiku na mchana. Bili ya stima ya kuzilisha na kuzipoza ni kubwa kupindukia.

Mwanga si mgeni kwako. Tangu mwaka wa 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipotua Mombasa, sehemu kubwa ya intaneti yetu husafiri chini ya bahari ikiwa miale ya leza ndani ya uzi wa kioo. Jambo jipya ni kuuingiza mwanga huo ndani ya chipu na kuupa hesabu ifanye.

Inafanyaje? Akili unde, ukiivua nguo zote, ni kuzidisha na kujumlisha mara mabilioni. Chukua mwale mmoja, ugawe njia mbili, upande mmoja uucheleweshe kidogo, kisha uziunganishe tena. Mawimbi yakikutana sambamba yanaongezana. Yakikutana kinyume yanauana. Ukidhibiti kule kuchelewa, unaamua mwanga kiasi gani utokee huku na kiasi gani kule. Hapo tayari umezidisha. Vifaa hivyo vingi vikiunganishwa kama wavu vinakuwa mashine ya hesabu.

Mwaka wa 2017 watafiti wa MIT kule Marekani walitumia wavu wa vifaa 56 vya aina hiyo kutambua sauti za irabu. Ulipata asilimia 76.7. Kompyuta ya kawaida ilipata asilimia 91.7. Yaani mwanga ulipigwa chini, tena vibaya. Lakini hawakuutupa. Mwaka huo huo, watu waliokuwa kwenye utafiti ule walianzisha kampuni, na mojawapo, Lightmatter, kufikia 2024 ilikuwa imethaminiwa kwa dola bilioni 4.4. Mwanga hautafanya kila kitu: kuhifadhi kumbukumbu bado ni kazi ya umeme, na kubadilisha umeme kuwa mwanga na kuurudisha kuna gharama yake. Ila safari imeanza.

Sasa tufike kwenye kiini. Njia inayobeba mwanga ndani ya chipu ya silikoni huwa na upana wa nanomita 500 hivi na kimo cha 220. Unywele wako una upana wa kama nanomita 80,000, kwa hivyo njia 160 zingelala bega kwa bega ndani yake. Kitu kidogo hivyo huwezi kukichora kwa kukisia. Ukikunja kona vibaya, mwanga unamwagika.

Kwa hivyo kabla ya kutengeneza, unaigiza kwenye kompyuta. Mbinu inayotumika sana inatokana na kazi ya Kane Yee ya mwaka wa 1966: unakata nafasi yote kuwa vijichumba, halafu unakokotoa nguvu za umeme na sumaku katika kila kimoja, hatua kwa hatua, mwanga unavyosogea.

Piga hesabu nami. Kifaa cha mikromita 20 kwa 10 kwa 3, kikikatwa vijichumba vya nanomita 20, kinakupa vijichumba milioni 75. Kila kimoja kinahitaji namba sita. Hizo peke yake zinakula karibu gigabaiti 1.8 za RAM. Ukitaka usahihi zaidi ukakata vijichumba nusu ya hapo, vinakuwa milioni 600, RAM inaruka hadi gigabaiti 14.4, na kazi yenyewe inaongezeka mara 16, kwa sababu hata hatua za muda lazima zipunguzwe. Kazi ya saa moja inakuwa ya saa 16. Laptopu yako ya gigabaiti nne itaanza kulia kama pikipiki inayopanda mlima na abiria watatu.

Hapa ndipo wingu linabadilisha mchezo. Programu kama Tidy3D hukuruhusu kueleza kifaa chako kwa mistari ya Python kwenye laptopu, kisha kazi nzito inatumwa kwa mashine za mbali zenye GPU za nguvu. Unasubiri, matokeo yanarudi, unarekebisha, unatuma tena. Laptopu yako haibebi mzigo. Inabeba ujumbe tu. Na chipu haitoshi peke yake. Inahitaji kasha, kitu cha kuipoza na kishikilizi cha nyuzi za kioo. Hivyo pia unaweza kuvichora ndani ya kivinjari kwa programu kama Onshape, bila kusakinisha chochote.

Nikueleze kwa nini jambo hili linanigusa. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa ndiyo kisa. Lakini hata nilipokuwa ndani, programu ya uchoraji ilikuwa kwenye mashine chache tu za maabara, na maabara ilifungwa saa kumi na moja jioni. Leseni ilipoisha hakuna aliyeifufua. Tulimaliza muhula tukichora kwenye karatasi vitu vilivyopaswa kuwa kwenye skrini. Tulifunzwa kwamba chombo ni mali ya chuo, na ukitoka getini umekiacha. Wingu limevunja fikra hiyo, na mimi nimefurahi.

Lakini tusidanganyane. Cha kukodi si chako. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na Wakenya tukakaa tukitazama kiduara kikizunguka kwenye skrini. Mwezi uliofuata, Juni 25, siku ya maandamano, intaneti ikayumba tena. Siku kama hizo mradi wako wote uko upande wa pili wa bahari na wewe uko upande huu. Isitoshe, huduma nyingi huuzwa kwa dola, na shilingi yetu unaijua. Pia soma masharti: akaunti ya bure ya Onshape, kwa mfano, huacha michoro yako wazi kwa umma. Kwa kujifunza, sawa. Kwa wazo unalotaka kuliuza kesho, fikiria mara mbili.

Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: tumia wingu kama bodaboda, si kama miguu yako. Jifunze mawimbi yenyewe na Python yenyewe, si vitufe vya kampuni moja. Weka nakala ya kila faili kwako. Na ujue kuna programu huria zisizokudai hata ndururu: Meep iliyozaliwa MIT kwa kuigiza mwanga, gdsfactory kwa kuchora chipu, KLayout kwa kuikagua. Kifaa kidogo unaweza kukiigiza kwenye laptopu hiyo hiyo usiku kucha. Kikikua, ndipo ulipe wingu.

Na vyuo vyetu? Hapa sitapaka maneno mafuta. Acheni kujisifu kwa idadi ya kompyuta kwenye maabara. Tuambieni ni wanafunzi wangapi wamebuni kitu kikatengenezwa. Kule Kanada, Chuo Kikuu cha British Columbia kina kozi ya mtandaoni ambapo mwanafunzi huchora kifaa chake cha mwanga, michoro ya wengi inawekwa pamoja, inachongwa kwa miale ya elektroni, inapimwa, na kila mmoja anarudishiwa vipimo vyake. Siri ni kugawana. Viwanda vya chipu huruhusu wabunifu wengi kutumia kisahani kimoja cha silikoni, kila mtu akilipia kipande chake. Ni matatu badala ya teksi.

Chuo kimoja cha Kenya hakihitaji kujenga kiwanda ili kupanda matatu hiyo. Vyuo vitano vikichanga nauli, vinaweza kununua saa za wingu za pamoja na nafasi kwenye kisahani kimoja kila mwaka. Na tusijifanye hatuna pa kuanzia: Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ipo Semiconductor Technologies Limited, na vijana wa hapa wanashughulika na silikoni kwa mikono yao. Najua kazi yao si chipu za mwanga, lakini ni ushahidi kwamba taaluma hii inashikika hapa hapa.

Mkichanga, acheni nafasi kwa walio nje ya geti pia. Nchi hii ina vijana wengi walioacha masomo kwa sababu ya karo, si kwa sababu ya kichwa. Saa za wingu hazijui nani ana kitambulisho cha mwanafunzi. Sheria zenu ndizo zinazojua.

Nawe msomaji, usingoje kikao cha wakuu wa vyuo. Wiki hii chagua kifaa kimoja tu, kile cha kugawa mwale mmoja kuwa miwili. Kiigize. Mara ya kwanza mwanga utamwagika pembeni na utapata takataka. Badilisha upana, badilisha kona, rudia. Siku utakapoona nusu inaenda kushoto na nusu inaenda kulia, hifadhi faili hilo kwako, kisha mwoneshe mtu mmoja mtaani jinsi ulivyofanya. Mkiwa wawili, tayari mna watu wa kuchangia nauli.