Dogo Ana Kipaji, Lakini Umri Wake Msiuguse

Kila aliyekulia Ujiji anaijua sentensi hii: "Huyu dogo ni Samatta mtupu!" Inasemwa jioni pembeni ya viwanja vya mchanga, kuanzia Kasingirima hadi Gungu, na mara nyingi inasemwa baada ya chenga moja tu. Hata mimi nimeisema sana. Mwaka jana, nikiwa TP katika shule moja ya sekondari huko nyumbani, sentensi hiyo ilinirudia ikiwa na bei: shilingi laki tatu na cheti cha kuzaliwa.

Ilikuwa hivi. Wiki ya pili nilikabidhiwa timu ya shule, kwa sababu ileile inayowakuta walimu wengi wa mazoezi: mimi ndiye niliyekuwa na umri mdogo kuliko wote ofisini. Namba kumi wetu alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, miaka 16, mwembamba, mfupi kuliko karibu wenzake wote. Jina lake silitaji, maana bado ni mtoto. Siku moja mama yake, anayeuza mawese sokoni, alinifuata baada ya vipindi. Kuna mtu aliyejitambulisha kama wakala alikuwa amemwambia kwamba mwanawe atafika Ulaya, ila mambo mawili yatangulie: itoke laki tatu ya "maandalizi", na cheti kibadilishwe kisomeke miaka 14. Mwili wa mtoto ni mdogo, alimwambia, nani atajua?

"Mwalimu," mama akaniuliza, "wewe ndiye unayemwona kila siku. Mwanangu ni mchezaji kweli, au watu wanataka kunilia hela yangu?"

Nikamwomba wiki moja. Naona aibu kidogo kusema kwamba hadi siku hiyo, pamoja na kufaulu kozi ya upimaji na tathmini, sikuwa nimempima yule kijana hata kidogo. Nilikuwa nashangilia tu.

Basi nikaanza kwenda kiwanjani na daftari. Nilitenganisha kurasa mbili: anachokiweza leo, na anachoweza kukifikia akifundishwa. Sisi wa elimu tofauti hii tumeisoma kwa Vygotsky mpaka tumeichoka, lakini tukifika kiwanjani tunaisahau.

Ukurasa wa kwanza ulianza vizuri. Uzuri wake mkubwa hauko miguuni. Kabla pasi haijamfikia, dogo ameshageuza shingo kushoto na kulia, kwa hiyo mpira unapofika yeye ameshajua unakwenda wapi. Pili, anatuliza mpira kwa mguso mmoja kwenye kiwanja chetu chenye mchanga na mizizi ya miembe, mahali ambapo mpira unaruka unavyotaka wenyewe. Tatu, kwa kuwa amekuwa mdogo kuliko wenzake tangu enzi za chandimu, amejifunza kuachia pasi nusu sekunde kabla beki hajamfikia. Hakuna aliyemfundisha hilo. Kufundishwa na maumivu ndiyo shule yake.

Udhaifu nao upo, tena si mdogo. Mguu wa kushoto ni wa kusimamia tu. Timu ikipoteza mpira yeye anashika kiuno, habadiliki kuwa mkabaji. Dakika ya sitini pumzi imekwisha. Akifika karibu na goli anatafuta pasi moja zaidi badala ya kupiga. Na ukimkosoa mbele ya wenzake, ananuna.

Ukurasa wa pili ulihitaji jaribio. Nilimwambia kwa siku nne za mazoezi asiguse mpira kwa mguu wa kulia. Siku ya kwanza alichekwa, akanuna, akataka kuondoka. Siku ya nne alikuwa anatoa pasi fupi za kushoto bila kuangalia mguu, na jioni nilimkuta peke yake akigongesha mpira ukutani. Kwangu hicho ndicho kilikuwa kipimo kikubwa kuliko chenga zote: anafundishika.

Tatizo la mwili dogo nililiweka pembeni, maana sisi wa Kigoma tusiwe wa kwanza kuliogopa. Juma Kaseja, kipa aliyetokea kwetu, alisemwa sana kwa ufupi wake. Mwaka 2003 ndiye aliyekuwa golini Simba ilipowatoa Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, kwa matuta kulekule Misri. Mwaka 2019, Taifa Stars ilipoitoa Burundi kwa matuta, golini alikuwa Kaseja yuleyule.

Sasa tuje kwenye umri, ambako ndiko wengi tunakosea. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Kanada, Roger Barnsley, aliona jambo la ajabu katika hoki ya barafuni, mchezo unaopendwa Kanada kama tunavyopenda soka. Wachezaji wengi wa timu kubwa za vijana walikuwa wamezaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka. Waliozaliwa mwishoni mwa mwaka walikuwa wachache. Sababu yake haikuwa nyota zao. Umri ulihesabiwa kuanzia Januari 1, hivyo mtoto wa Januari na wa Desemba waliwekwa kundi moja. Kwa watoto wa miaka tisa au kumi, miezi 11 ni tofauti kubwa ya mwili. Kocha anamchagua aliyekua zaidi akidhani ameona kipaji. Aliyechaguliwa anapata mazoezi bora na mechi nyingi, na baada ya miaka michache anakuwa bora kweli. Yule wa Desemba ameshaachwa njiani.

Jiulize: kama miezi 11 inamdanganya kocha wa Kanada mwenye vyeti sahihi mkononi, miaka miwili ya kughushi itatudanganya sisi kiasi gani?

Tena anayedanganywa wa kwanza ni dogo mwenyewe. Ubora wake wote umetokana na kucheza na waliomzidi. Ukimshusha acheze na watoto wa miaka 14, atawapita bila kugeuza shingo, bila kuachia pasi mapema, bila kuhitaji mguu wa kushoto. Kile kilichomfanya awe mchezaji kitakufa taratibu huku watu wakipiga makofi. Na kuna mtoto wa miaka 14 wa kweli, huenda naye ni wa Ujiji, atakayekosa nafasi kwa sababu yake.

Halafu kuna siku ya kukamatwa. Tangu mwaka 2009 FIFA imekuwa ikitumia kipimo cha MRI cha mifupa ya kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, na CAF nao wanakitumia. Mchezaji mwenye miaka 18 anayejiita wa 16 anaweza kuwa na cheti kizuri sana, lakini mfupa wake haukwenda ofisi yoyote kubadilishwa. Nchi yetu ina kovu lake hapa: Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za mwaka 2005, wakaondolewa kwa suala la umri wa mchezaji. Kikosi kizima kilibaki nyumbani.

Najua jibu la mtaani. Wote wanapunguza umri, dogo mwaminifu ndiye atakayeachwa, na mama anayeuza mawese hana muda wa kusubiri. Sibezi hoja hii. Umaskini una haraka yake, na mimi ninayeandika hapa nina boom, yeye hana. Lakini tuutazame mfano tunaoupenda wenyewe. Mbwana Samatta amezaliwa Desemba 1992, yaani ni mmoja wa wale watoto wa mwisho wa mwaka. Alikwenda TP Mazembe mwaka 2011 akiwa na miaka 18. Mwaka 2015 akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika, Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora kati ya wanaocheza ndani ya Afrika, na mwezi huohuo akajiunga na Genk ya Ubelgiji. Alikuwa na miaka 23. Mwaka 2019 akafunga Anfield dhidi ya Liverpool, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Kwa hesabu hiyo, dogo wetu ana miaka saba ya kumfikia Samatta alipoingia Ulaya. Na kwa kanuni za FIFA, uhamisho wa kimataifa wa mchezaji wa chini ya miaka 18 umekatazwa, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Haraka ni ya nani basi, ya mtoto au ya anayetaka laki tatu?

Wiki ilipoisha nilikwenda nyumbani kwao. Nilimwambia mama hivi: "Shikamoo mama. Mwanao ni mchezaji. Akipata mwalimu mzuri, akijifunza kukaba na mguu wa kushoto ukaamka, naona anaweza kufika Ligi Kuu. Kuhusu Ulaya, anayekuahidi leo anakudanganya. Wakala wa kweli analipwa kutokana na mkataba alioufanikisha, hachukui hela ya mawese. Cheti kibaki kilivyo. Na kidato cha nne amalize." Nilimkumbusha pia kwamba Mashujaa wako Ligi Kuu tangu 2023 na wanacheza Uwanja wa Lake Tanganyika hapohapo Kigoma. Siku hizi mtu hahitaji kupanda treni kwanza ndipo aonekane.

Mama hakutoa hela. Yule bwana hakupiga simu tena.

Ningependa kumalizia kwa ushindi, lakini tusidanganyane. Miezi michache baadaye dogo alienda kwenye mchujo wa vijana na hakuchaguliwa. Waliochukuliwa, kwa maelezo yake, walikuwa na miili. Aliponipigia sauti yake ilikuwa chini, na kwa dakika nzima nilijiuliza kama ushauri wangu ndio uliomponza. Kisha akasema, "Ila mwalimu, goli letu nililifunga kwa kushoto."

Wenzangu mnaokwenda TP mwaka huu, wengi wenu mtakabidhiwa filimbi kama mimi, na wengi mtakutana na mzazi mwenye swali kama la yule mama. Msiwe watu wa kusema "Samatta mtupu" na kuondoka. Chukueni daftari. Andikeni anachokiweza, anachokosa, na namna anavyopokea kufundishwa. Ulizeni umri wake wa kweli na muulinde, maana ndio rula pekee tuliyonayo ya kumpimia. Mtoto akishafupishiwa rula, hata yeye mwenyewe hatajua amefika wapi.