Bukavu: Wauzaji wa vipande vya kompyuta waandike aina yake kwenye fakture

Vijana wengi mjini Bukavu wanaojiundia kompyuta ya mezani hununua vipande kimoja kimoja, kadiri dola zinavyopatikana. Hapo ndipo hasara huanzia. Prosesa ya mezani ya AMD Ryzen 7000 huingia kwenye soketi ya AM5 tu, na kadi mama yake hupokea memori ya DDR5 peke yake. Aliyetangulia kununua DDR4 kwa sababu ya bei nafuu amepoteza pesa yake, kwani muuzaji harudishi.

Mnunuzi achague kwanza prosesa na kadi mama, vingine vifuate. Lakini muuzaji naye aandike soketi na memori kwenye fakture, na akubali kubadilisha kipande kisichoingia. Dola za kijana zina jasho.