Miwani ya bure isiishie siku ya kugawiwa

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, darasa la nne. Mtoto asiyeona mbali hasemi haoni, kwa sababu hajui kama wenzake wanaona tofauti. Utamkuta anafinya macho, anakunja uso, kisha anainamia daftari la jirani kunakili, na hapo anaadhibiwa eti anaibia. Inauma sana.

Kupima kwenyewe si kazi kubwa. Chati ya herufi E ukutani, mita 6, jicho moja limefunikwa, mtoto anaonyesha kwa kidole E imeelekea wapi. Hata asiyejua kusoma anapimika. Atakayeshindwa apelekwe kwa mtaalamu.

Ugumu uko baada ya hapo. Kule Baltimore, Marekani, wanafunzi wa shule za umma walipimwa wakapewa miwani bure palepale shuleni. Utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha alama za kusoma zilipanda ndani ya mwaka mmoja, na waliokuwa nyuma zaidi ndio walionufaika zaidi. Baada ya miaka 2 faida ile haikuonekana tena. Huenda watoto waliacha kuvaa, au miwani ilipotea. Kwa hiyo nawaomba wahisani na halmashauri: bajeti iwe na miwani ya akiba, na mtu wa kukaza skrubu zinapolegea. Nasi walimu tusimruhusu yeyote kumwita mwenzake "macho manne", maana aliyeitwa hivyo akishavua miwani kwa aibu ataificha kwenye begi mpaka shule ifungwe.