Maharthi Ni Wangapi?



Kila kitabu chetu kinapokaribia kupigwa chapa huzuka mjadala ule ule: nani aingizwe katika orodha ya jamaa? Mara hii baadhi ya ndugu wamependekeza aandikwe yule tu ambaye pasipoti yake ina neno Al-Harthy. Kwa heshima zote, mimi napinga.

Al-Harthy ni nisba. Inamnasibisha mtu na kabila la Hirth, ambalo kwao hasa ni Sharqiyah: Ibra, Mudhairib, Qabil na vijiji vya jirani. Asili yake ni Harith, jina kongwe la Kiarabu, kwa hivyo lina wenyewe wengi. Hata pande za Taif, Saudia, wako Maharthi. Jokha Alharthi alipopata tuzo ya kimataifa ya Man Booker mwaka 2019, wa mwanzo kuipata kwa kitabu kilichoandikwa kwa Kiarabu, watu watatu waliniuliza kama ni dada yangu. Fahari tuione, lakini jina pekee si shahada ya undugu.

Na jina hilo hilo huficha undugu uliopo. Mabarwani ni mkono wa Hirth. (Wako wanaolifungamanisha jina lao na Barawa ya Somalia, mimi kufanana kwa sauti hakunitoshi.) Rumaliza, yaani Mohammed bin Khalfan wa Lindi, aliyepigana na Wabelgiji upande wa Ziwa Tanganyika, alikuwa Barwani. Abushiri bin Salim, aliyesimama dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889, alikuwa Harthi. Mjukuu wetu wa Muscat akiyasoma majina hayo leo atadhani ni watu wa mbali kabisa.

Huko Afrika ya Mashariki nisba haikuwa na kazi kila siku. Mzee aliitwa Salim bin Ali, basi. Ilitajwa kwenye posa na kwenye msiba. Daftari la skuli lilichukua majina mawili au matatu, na mtoto akakua nayo hayo. Mwaka 1859 Maharthi wa Unguja walipomuunga mkono Sayyid Barghash dhidi ya nduguye Sayyid Majid, hakuna aliyewatambua kwa pasipoti!

Sisi tuliorudi Oman baada ya 1970 ndio tuliokutana na fomu yenye nafasi ya kabila, tukaijaza: huyu Harthi, nduguye Barwani, na kwa herufi za Kizungu kila mtu na tahajia yake. Waliobaki Lindi, Tabora na Ujiji hawakuletewa fomu hiyo. Wengi wao mama zao na bibi zao ni watu wa huko huko, na nashuku, Mungu anisamehe, kwamba hilo ndilo linalowasumbua baadhi yetu kuliko tahajia. Lakini babu zetu waliwaoa bibi hao kwa ndoa, wakawazalia watoto, wakawaachia mashamba. Leo mjukuu aambiwe si jamaa kwa kukosa neno moja?

Tena binti yetu akiolewa na Mriyami wa Nizwa, yeye hubaki Harthy, watoto wake huwa Mariyami. Msiba ukitokea kwetu, ni hao wanaofika wa mwanzo kuteka maji na kupokea wageni. Nao tuwafute?

Rai yangu: kila mmoja aandikwe jina lake, la baba na la babu, mkono wake, kijiji cha Sharqiyah walikotoka wazee wake, na mji wa Afrika walikokaa. Watoto wa mabinti waandikwe chini ya mama zao. Nisba akiwa nayo itiwe, asipokuwa nayo nafasi iachwe wazi.

Mimi nimeanza na upande wa bibi yangu wa Lindi. Nimepata watu kumi na mmoja, wenye nisba wawili. Orodha nimeshaikabidhi kwa wahariri.