Michango ya Arusi Tunaandika, Dripu ya Bi Mkubwa Je?



Leo sina habari ya udi wala ya hina. Leo nina ugomvi, na nitausema wazi.

Sisi wanawake wa visiwani ni mabingwa wa daftari. Ikitajwa arusi tu, daftari linafunguliwa: nani katoa elfu hamsini, nani kaahidi doti za kanga, nani kachukua sare na hajalipa. Vikoba vina daftari. Mchezo wa kupeana una daftari. Hata fundi cherehani anatuandikia vipimo vya mabega na kiuno. Mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo tumelelewa nayo.

Sasa mtazame bibi wa miaka 80, mwezi wa tatu huu yuko kitandani. Asubuhi katundikiwa dripu, usiku ana sindano za masaa. Muulize anayemwangalia: kapewa dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, na nani? Utajibiwa, "Kapewa ile nyeupe ya kuyeyusha." Basi. Sare ya arusi ina kumbukumbu, damu ya mzazi haina.

Nasema hivi: dawa inayoingia kwenye mshipa wa mzee bila ya kuandikwa ni amana iliyovunjwa. Iwe nyumbani, iwe katika makao ya wazee, hukumu yangu ni hiyo hiyo.

Kwa nini nashikilia mshipa? Kwa sababu kidonge kinapita tumboni kwanza, kinachukua muda. Kinachoingia mshipani kimo ndani ya damu papo hapo, na hakirudi. Watu wanaita "maji tu", lakini hayo maji yana hesabu. Lita moja ya dripu ya chumvi ya kawaida ina gramu 9 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku. Nusu lita ya dripu ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari. Mzee mwenye moyo dhaifu akiongezwa chupa moja kwa sababu wa asubuhi hakuandika na wa jioni hakujua, maji yanaweza kumjaa mapafuni. Jentamaisini, sindano inayojulikana sana, inaweza kuumiza figo na masikio, na figo za mzee ndizo zilizochoka zaidi. Dozi iliyorudiwa kwa kusahau haina tofauti na dozi iliyorudiwa kwa makusudi. Figo haziulizi nia.

Na kinyume chake pia. Dozi ya antibaiotiki isiyotolewa kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake kaitoa, hiyo inaupa ugonjwa nafasi ya kusimama tena.

Wenzetu Marekani walilitungia jambo hili sheria. Mwaka 1987 bunge lao lilipitisha sheria ya kurekebisha nyumba za kutunzia wazee, na kutokana nayo kila mkaazi hujaziwa fomu ya tathmini anapoingia, kisha kila robo mwaka. Ndani yake mna swali mahsusi la dawa za mshipani katika siku 14 zilizopita. Tangu Oktoba 2023 fomu hiyo inatenganisha antibaiotiki, dawa za kuzuia damu kuganda na dawa za kurekebisha mishipa na presha. Dripu ya maji matupu haihesabiwi kuwa dawa hapo, wala maji ya kusafishia mrija. Na anayejaza hawezi kusema "nakumbuka alipewa"; lazima faili la kila siku lioneshe.

Siwasifu kupita kiasi. Fomu ile imefungamana na malipo, na penye malipo mkono wa kalamu huweza kuwa mrefu. Lakini hapo ndipo inaponiuma: wao wanaandika kwa kuogopa sheria na kukosa fedha. Sisi tunaosema tunamuogopa Mwenyezi Mungu, kalamu iko wapi?

Najua majibu yatakayokuja.

La kwanza: "Sisi tunaaminiana, kuandika ni kutuhumiana." Dada yangu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur-an, ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya kuandika deni. Wanaoambiwa waandike ni walioamini, tena wameambiwa wasichoke, liwe dogo au kubwa. Kama shilingi za waumini zinaandikwa, vipi dawa ya mama? Tena daftari humlinda nesi kabla ya mwingine yeyote. Mzee akiharibikiwa, aliyeandika ana la kusema, na asiyeandika anabaki na kiapo.

La pili: "Hayo mambo ya Kizungu." Si kweli. Katika karne ya 9, Ishaq bin Ali al-Ruhawi aliandika kwa Kiarabu kitabu cha adabu za tabibu, Adab al-Tabib. Humo anamtaka tabibu aandike hali ya mgonjwa kila anapomzuru, na mgonjwa akifa maandishi yapitiwe na matabibu wengine ili ijulikane kama alitibiwa sawasawa. Zaidi ya miaka elfu imepita, na sisi bado tunasema "ile nyeupe".

La tatu: "Hatuna muda, manesi wachache." Hili lina ukweli, na wenye dhamana waongeze watu. Lakini mstari mmoja hauchukui dakika mbili. Kumtafuta aliyekuwa zamu jana, simu imezimwa, na mzee anatetemeka mbele yako, kunachukua usiku mzima.

La nne ndilo linalonikera zaidi: "Ajali haina kinga, Mungu ndiye mponyaji." Ndiyo, ni Yeye. Na Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndiyo atawakali. Daftari ndiyo kamba.

Basi kiandikwe nini? Jina kamili la mzee na umri wake. Dawa asiyopatana nayo mwilini, kwa wino mwekundu, juu kabisa. Kisha kila mara: jina la dawa, kiasi, imechanganywa na maji gani na mililita ngapi, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, matone mangapi kwa dakika. Kwa mfano, nusu lita kwa saa nne, kwa mrija wa matone 20 kwa mililita, ni kama matone 42 kwa dakika. Si "ifungue kidogo, inakwenda". Iandikwe sindano iko mkono gani na imewekwa tarehe gani, na pale ilipoingia pametazamwa: pamevimba, pamekuwa pekundu, panauma? Jina na sahihi ya aliyetoa. Iandikwe baada ya kutolewa, si kabla. Ikikosekana dozi, iandikwe kwamba haikutolewa na kwa nini. Ukikosea, piga mstari mmoja na utie sahihi, usifute.

Na dawa ya mshipani itolewe na aliyesomea, kwa amri ya daktari. Kama kuna "jirani anajua kuchoma", huyo hana cha kuandika kwa sababu hana ruhusa ya kuchoma.

Mnaowapeleka wazee makaoni, kabla hamjauliza chakula na godoro, ombeni kuoneshwa karatasi ya dawa inavyojazwa. Kila mnapozuru, isomeni. Mkiambiwa haiwahusu, jueni hapo ndipo inapowahusu. Na asiye na mtoto wa kumsomea ana haki hiyo hiyo. Wa kumuulizia ni sisi sote.

Na wewe bibi arusi unayesoma hapa kwa ajili ya rangi ya maua: nyumba unayokwenda ina mkwe, na mkwe anazeeka. Katika sanduku lako, pamoja na kanga na manukato, tia daftari moja la kurasa 96 na kalamu mbili. Siku Bi Mkubwa atakapotundikiwa dripu, hilo ndilo litakalomjulisha daktari wa usiku alichofanya daktari wa mchana.

Mzazi hakutuhesabia usiku aliokesha. Tusishindwe kumhesabia matone.

Wabillahi tawfiq.